Vibati vya Bibi Pindo

Kwa miaka thelathini hakuna mteja aliyejua kwa nini mapazia ya Bibi Pindo yalinyooka kuliko ya mafundi wengine. Siri ilikuwa ndani ya pindo: kila pazia alilishonea vibati saba. Hizo ni zile sarafu ndogo kabisa ambazo serikali ilizipa jina refu, watu wakaziita vibati, maana hata ombaomba alizirudisha.

Kisha ikatangazwa pesa mpya. Ya zamani, mwisho Ijumaa. Mkwe wake, karani wa benki asiyejua kufunga mdomo, akawaambia wateja dirishani, "Jamani, leteni zote, hata zile mama mkwe alizoshonea kwenye mapazia yenu!"

Mtaa mzima ukashika mkasi. Watu wakafumua pindo, wakapanga foleni kutwa, wakatoka na sarafu mpya moja moja. Jumamosi upepo ukavuma, na mapazia yote yakaruka nje ya madirisha.

Na Jumamosi hiyohiyo msimamizi wa hoteli alikuja kukagua kazi ya Bibi Pindo kabla ya kuagiza mapazia arobaini. Bibi alikuwa ameingoja oda hiyo mwaka mzima. Bila hiyo, angefunga duka.

"Hii ndiyo kazi yako, mama?" msimamizi akauliza, akitazama juu.

Bibi Pindo alitamani ardhi ipasuke immeze. Mara akamwona mkwe wake amejibanza mlangoni, anaangalia viatu vyake.

"Wewe mkwe, hebu njoo. Toa sarafu mpya zote ulizonazo mfukoni."

"Zote, mama?"

"Na za nauli."

Zikatoka saba. Bibi akaangua pazia la dukani, ambalo mkwe huyohuyo alilifumua juzi kwa bidii zake, akazishonea pale pale, mbele ya mgeni. Lilipotundikwa, upepo ulilisukuma weee, ukachoka wenyewe. Pazia lilitulia tuli.

"Kumbe!" Msimamizi akacheka mpaka akashika mlango. "Basi nishonee yote arobaini hivyo hivyo. Ila hizi sarafu mpya zinaitwaje? Jina la redioni limenishinda."

"Vibati," akajibu Bibi Pindo, akikata uzi kwa meno.

Jumatatu majirani walijaa dukani, kila mmoja na pazia kwapani, na Bibi akawatuma kwanza benki. Dirishani mwanamke mmoja akasukuma noti. "Nipe vibati saba vipya."

Karani akamhesabia saba, wala hakuuliza ni nini.