Kidude Chenye Homa

Kidude chenyewe ni kidogo, kama kopo la maziwa ya unga lililokatwa nusu, cheupe, na kinaning'inia nje ya dirisha letu la jikoni kwa waya wa kuanikia nguo. Kina taa moja na kioo kidogo kinachoonyesha namba ya uchafu wa hewa. Hewa ikiwa safi taa huwa ya kijani. Ikichafuka inakuwa njano, halafu nyekundu, halafu zambarau. Tangu mwezi wa kumi na moja nimeiona ya kijani mara mbili tu, na mara zote mbili theluji ilikuwa imetoka kuanguka.

Aliyekileta ni Mwalimu Damira. Alifundisha kemia miaka thelathini na tano, akastaafu, na badala ya kupumzika akatukusanya kina mama wa mtaa wa Jangy-Bulak, huku pembezoni mwa jiji la Bishkek, akatuambia kwamba moshi tumeulalamikia vya kutosha, sasa tuuandike. Alichagua dirisha langu kwa kuwa linatazamana na bomba la moshi la bafu la Mairambek, lile la kulipia ambako mtaa mzima huenda kuoga. Akanichagua mimi kwa kuwa, alisema, mwandiko wangu unasomeka. Basi kila siku naandika namba kwenye daftari, asubuhi kabla ya kwenda kiwandani kushona na jioni nikirudi. Namba za saa nyingine kidude kinazihifadhi chenyewe, nazinakili baada ya kuosha vyombo. Kuna siku vidole vinakuwa vimechoka na cherehani hata kalamu inaniponyoka, naiokota, naendelea.

Jumapili tunakutana nyumbani kwa Mwalimu. Ametuzuia kukaanga maandazi, anatupa shayiri ya kuchemsha na tufaha zilizokaushwa, kisha anatukalisha chini kimya, macho tumefumba, tuvute pumzi kumi taratibu na kuzisikiliza. Anasema mtu asiyezisikiliza pumzi zake hawezi kuzipigania. Hatujawahi kufika kumi. Kwenye ya nne mmoja anakohoa, kwenye ya tano tunakohoa wote, halafu tunacheka, na Mwalimu anasema haya, imetosha, fungueni madaftari.

Mama mkwe wangu, Mama Sabira, alikwenda mara moja akarudi kanuna. Alisema wazee wake waliishi miaka tisini kwa mafuta ya mkia wa kondoo, hawakuhitaji mtu wa kuwafundisha kupumua.

Tunaishi naye, mimi na binti yangu Meerim wa miaka mitatu. Mume wangu Ulan yuko Moscow, anapaka rangi majengo. Meerim alianza kukohoa baridi ya mwaka juzi. Mwaka jana alikohoa mpaka mwezi wa nne. Mwaka huu usiku anapumua kwa sauti, kama mtu anayeburuta kitambaa sakafuni, na mimi nimelala nimeweka mkono kifuani pake, nahesabu. Muuguzi wa zahanati hakunificha. Alisema dawa zipo, lakini nampa dawa kwa mkono huu na moshi kwa mkono huu mwingine, na kifua cha mtoto hakitangojea.

Wazazi wangu wako Naryn, milimani. Mama yangu mzazi anapiga simu kila wiki. "Mlete," anasema. "Huku baridi inauma, lakini hewa ni hewa." Kwetu si ajabu mtoto wa kwanza kulelewa na bibi na babu. Mimi mwenyewe nililelewa hivyo, na hadi leo namwita mama mwanamke aliye bibi yangu kwa damu. Ndiyo maana naogopa. Najua mtoto anavyoondoka kwa baridi moja tu, na anaporudi anakutazama kwa adabu kama mgeni.

Kwa hiyo nilijiwekea mpaka. Ijumaa afisa wa mazingira wa wilaya angekuja kwenye ukumbi wa shule kusikiliza shauri letu. Tulitaka bafu la Mairambek lihamie kwenye gesi, kama sheria ya mtaa inavyosema, liache kuchoma matairi na magunia ya vipande vya vitambaa. Bomba la gesi linapita mbele ya mlango wake. Afisa akiamuru, kazi ni ya siku mbili, na Meerim anabaki. Asipoamuru, Jumapili binti yangu anapanda gari la Naryn.

Vipande hivyo vya vitambaa, niseme kabisa, vinatoka kwenye viwanda vya kushonea kama changu. Navikata mimi, vinachomwa na Mairambek, anavipumua Meerim. Hata sisi tulikuwa tukiwashia jiko la makaa kwa vipande hivyo, nimeacha mwaka huu tu.

Jumanne jioni niliponakili namba za mchana, kalamu ilisimama yenyewe. Siku za katikati ya wiki tunacheza kwenye mia na themanini, mia mbili, mia mbili na arobaini. Saa nne asubuhi ya Jumanne kidude kiliandika mia tano na themanini na saba. Nilimpelekea Mwalimu daftari nikiwa bado na kilemba cha kazini. Aliisoma mara mbili, akavua miwani, akaifuta, akasoma tena.

"Hii ndiyo tuliyokuwa tunaingoja," alisema. "Leo asubuhi alitia matairi mazima." Akaichora kwenye karatasi kubwa, mstari mwekundu uliopanda mpaka ukagusa ukingo. Nilirudi nyumbani na moyo mwepesi. Nilimpikia Meerim uji wa maziwa, nikamwambia hatakwenda popote.

Alhamisi umeme ulikatika kiwandani, tukaruhusiwa mapema. Nilipofungua mlango wa nyumbani nilikutana na harufu ya archa, mtarakwa wetu wa milimani. Mama Sabira alikuwa katikati ya chumba na kikaango kikuukuu mkononi, matawi yanafuka moshi mweupe, anazunguka kichwa cha Meerim, anaomba kila balaa limpite mtoto. Hilo halikunishtua. Nyumba gani ya kwetu haifukizwi? Mimi nilifukizwa, Ulan alifukizwa, na bi harusi haingii ndani kabla hajafukizwa. Alipomaliza raundi tatu akafungua kidirisha cha jikoni ili ugonjwa utoke na moshi, kama inavyopasa. Kisha akatoa mkono nje na kile kikaango, akakiinua mpaka chini ya kidude, akakizungusha taratibu, mara moja, mara mbili, mara tatu. Taa ikawa zambarau.

Nilimuuliza anafanya nini. Alinijibu bila kugeuka.

"Nakifukiza na hiki. Kinawaka taa nyekundu siku nzima, mkwe wangu, si kina homa? Kinameza balaa la mtaa mzima, halafu kinaning'inia hapo hapo mtoto anapolala. Jumanne nilikifukiza, kikatulia kidogo. Leo narudia."

Nilikaa kwenye kiti nikiwa na viatu vya theluji miguuni, jambo ambalo nyumbani kwetu halifanywi. Meerim akaja akaniegemea magotini, nywele zinanukia archa. Sikuwa na hasira hata ya kumkaripia mama wa watu. Nilichokuwa nacho ni uchovu tu, ule wa kushona nguo nzima ukagundua mkono wa kushoto umeuweka kulia.

Nilimwendea Mwalimu Damira kabla ya chakula cha jioni, nikamweleza yote nikiwa nimesimama. Hakucheka. Alivua miwani akaiweka mezani. Kisha akasema matairi Mairambek anachoma, hilo si uongo, sote tunaliona kwa macho. Namba moja haigeuzi ukweli. Nani atajua?

"Mimi nitajua," nilimwambia. "Na daftari ni langu, Mwalimu."

"Na mtoto je, ni wa nani?"

Nilifunga skafu. Nilirudi nyumbani.

Ijumaa ukumbi ulijaa. Mama Sabira alikuja na Meerim amemfunga shali, akaketi safu ya mbele karibu na kipasha joto. Mairambek alikuwa na koti lake la ngozi na watu wake watano. Afisa alikuwa kijana mwenye mafua, kila baada ya sentensi anapenga kamasi. Mwalimu akabandika karatasi yake ukutani, akaeleza, akafika kwenye ule mstari mwekundu. Afisa akainuka kuutazama kwa karibu. Akauliza ni nani anayeandika.

Nilisimama. Meerim akakohoa, nikamsikia, na nadhani ukumbi mzima ulimsikia. Nilijua nikinyamaza tumeshinda. Nilijua pia kwamba yule mzee pale mbele, anayemfunga mwanangu shali, ameshawasimulia majirani wawili jinsi alivyokitibu kidude, maana ndivyo alivyo, na siku yoyote neno lingemfikia Mairambek. Lakini si hilo lililonifungua mdomo. Miezi mitatu nimeandika namba nikiwa nimelala nusu, nikiwa na homa, nikiwa nalia. Nilitaka kiwepo kitu kimoja katika maisha yangu ambacho hakijashonwa ovyo.

Nilisema namba ya Jumanne ifutwe, nikaeleza kwa nini.

Kicheko kilianzia safu ya nyuma kikaja mbele kama maji. Mairambek alijipangusa macho.

"Kumbe anayeuharibu mji ni Mama Sabira na kikaango chake! Afisa, mwandikie faini bibi wa watu. Na huyu binti mwulize, vile vitambaa ninavyochoma anavikata nani?"

Hata wetu walicheka. Mwalimu Damira alikuwa anatazama sakafu. Afisa akaanza kukusanya karatasi zake. Hapo ndipo Mama Sabira alipoinuka, kwa shida, mkono kwenye kiuno.

"Mairambek, wewe mwenyewe nimekufukiza ulipokuwa huna jino," alisema. "Mama yako alikuleta kwangu umebanwa kifua hivi hivi. Moshi wa archa unaisha chai haijapoa. Wako naukung'uta kwenye shuka. Naupangusa kwenye mkate. Nimefukiza kwa sababu sina jingine la kufanya, na huyu mtoto nalala naye mimi. Cheka."

Hakucheka tena. Afisa aliuliza, kwa adabu, kama hilo nalo aliandike. Akaambiwa aandike.

Kisha akaniomba daftari. Akaligeuza ukurasa kwa ukurasa, akiuliza kila mara kama siku hiyo kulifukizwa. Nilimjibu siku zilizofukizwa ni mbili tu, Jumanne hii na jana. Akafika mahali akasimamisha kidole. Akaniuliza Jumamosi kuna nini. Nilimwambia Jumamosi ndiyo siku ya watu wote kuoga, bafu linawashwa saa kumi na moja alfajiri. Akahesabu Jumamosi kumi na mbili, na katika zote kumi na mbili kidude kilikuwa kimepanda kuanzia saa ile ile, mia tatu, mia tatu na ishirini. Alipenga kamasi, akaandika kitu kwenye karatasi yake.

Hakuamuru gesi. Alisema ataleta kifaa cha wilaya, kitakaa kwenye ukuta wa bafu lenyewe kwa muda wa mwezi mzima, na kwa mwezi huo Mairambek asichome kitambaa wala tairi. Shauri litarudi baada ya hapo. Watu walitoka wakijadiliana kama tumeshinda. Mimi nilikuwa nahesabu. Mwezi mzima.

Jumapili nilimfunga Meerim nguo zake kwenye begi la Ulan. Mama Sabira alikubali kwenda naye, ingawa na mama yangu hawajawahi kuelewana hata kuhusu namna ya kumimina chai. Alisema mtoto asiamke kwenye nyumba ngeni bila sura anayoijua. Nilimshika mkono, naye akanipiga kidogo mgongoni kama anayekung'uta unga.

Mwalimu Damira alikuja kituoni. Tangu Ijumaa hatukuwa tumesemezana. Alimpa Meerim tufaha zilizokaushwa, akanipa mimi daftari jipya. Gari lilipoondoka nililifungua. Kurasa zote alikuwa amezipiga mistari kwa mkono, kwa rula, na pembeni ya safu ya tarehe, saa na namba ameongeza safu ya nne. Juu yake kaandika: Nyumbani kumefanyika nini.

"Nilipaswa kuanza hivyo," alisema. "Mwalimu wa kemia mzima."

Tulirudi pamoja kwa miguu, kila mmoja amefunga pua kwa skafu.

Sasa nyumba ni kimya. Naandika namba, na kwenye safu ya nne naandika: hakuna. Jumamosi ya kwanza ilikuwa mia tatu na kumi kama kawaida, na kifaa cha wilaya kilikuwa hakijaletwa. Ya pili kilikuwepo, mia mbili na tisini. Jana, Jumamosi ya tatu, niliamka alfajiri nikakaa dirishani na chai, nikavuta pumzi kumi za Mwalimu. Nilifika ya saba. Saa kumi na moja ikapita, saa kumi na mbili ikapita. Mia na sitini na nane. Bado ni nyekundu. Siwezi kuiita vinginevyo, na sikuiita.

Jioni walipiga simu kutoka Naryn. Mama Sabira alianza kwa kumsema mama yangu na chai yake, kisha akaniambia mtoto amelala usiku wa nne bila kuamka. Nikaomba nimsikie. Meerim aliibana simu mdomoni, kwa hiyo kabla ya neno lolote nilisikia pumzi yake, inaingia, inatoka, haiburuti kitu. Nilinyamaza ili niendelee kuisikia.

"Mama," alisema, "kidude kimepona?"

"Bado, mwanangu. Lakini homa imeshuka kidogo."

Akafikiri. Akauliza nimekipa dawa gani. Nilimwambia nakiandika tu, kila siku, na kwamba theluji ikiyeyuka nitakuja kumchukua.