Kaskazini Kushoto

Shangazi alifika kwenye mkutano wa idara ya maji mapema kuliko wahandisi, akakaa kiti cha mbele pamoja na majirani wawili. Mimi ndio kwanza nilikuwa nimeajiriwa hapo, kazi yangu kuchora ramani kwa kompyuta. Ni yeye aliyenilea. Cherehani yake ilinisomesha, na maji tuliyotumia aliyapandisha kilimani kwa kichwa chake. Siku hiyo ingeamuliwa kama bomba litafika mtaani kwetu au tutaendelea na ndoo.

Mhandisi mkuu akawasha projekta. Bomba kuu likaonekana ukutani, mstari wa buluu uliokatiza kaskazini mwa mji. Chini yake, mahali pa mtaa wetu, palikuwa peupe. Akaeleza kwa upole kwamba idara haiwezi kupeleka maji mahali pasipo na watu.

Shangazi akamuuliza kama anazungumza na kivuli. Watu wakacheka, hata mhandisi, lakini ukuta ulibaki mweupe vile vile.

Nilijua sababu. Programu ilikuwa imepangwa kuficha nyumba kila ramani inapoonyesha eneo kubwa, ili picha isisongamane. Nikaomba kipanya, nikaikuza ramani. Mapaa yetu yakajitokeza, na vichochoro, na ngazi za mawe alizozipanda Shangazi na maji. Majirani wakaanza kuonyeshana kwa nani ni wapi.

"Haya, watu wapo," mhandisi akasema. "Sasa bomba liko wapi?"

Lilikuwa limetoka nje ya picha. Nikairudisha ramani nyuma. Bomba likarudi, nyumba zikatoweka. Ikawa shuka fupi: ukifunika kichwa, miguu nje. Mwenzangu wa ofisini, tuliyembandika jina la Kamusi kwa kupenda methali, akaninong'oneza kwamba mshika mawili moja humponyoka.

Nikafungua mpangilio wa nyumba kwenye programu, nikaruhusu zionekane hata ramani ikiwa mbali. Zikaonekana, ila kama vumbi. Ndipo nikautazama ukuta wenyewe: ulikuwa mpana na mfupi, ilhali kwenye ramani bomba liko juu na mtaa wetu chini. Nikaizungusha ramani nzima. Kwa upana ule nafasi ilitosha kuikuza tena, mpaka bomba likakaa ukingo mmoja na kilima chetu ukingo wa pili, kila paa likihesabika.

"Kaskazini umeipeleka wapi, binti?" mhandisi akauliza.

"Iko kushoto, Mkuu. Haijapotea."

Akachukua kipanya, akapima mwenyewe kutoka kwenye bomba hadi ngazi ya kwanza. Akapima tena, akaona si mbali, akavua miwani. Kisha akamwambia karani aandike kwamba mtaa wa kilimani umeingia kwenye mradi.

Kamusi akanipigia saluti ya chini ya meza. Shangazi yeye hakupiga makofi. Alinyanyuka akaenda hadi ukutani, mwanga wa projekta ukimwangukia kwenye kilemba, akatafuta paa letu na kuliwekea kidole. Akamgeukia mhandisi.

"Huyu amekunywa maji niliyopandisha mimi," akasema. "Angeisahau vipi njia ya nyumbani?"

Nikainamia kompyuta kabla machozi hayajaniaibisha, nikauhifadhi mwonekano ule kwa jina la Shangazi.