Waliohudhuria Mkutano wa Kivuko FC

Mzee Machibya alikuwa katibu wa Kivuko FC kwa miaka thelathini na minane, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kufuta jina la mtu kwenye daftari la wanachama. Watu walihama, wakakosana, wakafa. Yeye hakuona sababu ya kushika kalamu. Timu ilianzishwa hapo Kamanga na wapagazi na wakata tiketi wa kivukoni, kwa jezi za kujishonea na kipa mmoja tu, Ojuok, Mjaluo wa upande wa Rorya, aliyedaka msimu mzima akiwa na makatambuga miguuni.

Ojuok alipofariki hakuacha mke wala ndugu aliyejulikana. Kwenye mkutano uliofuata Machibya, wakati huo katibu mpya kabisa, alisoma majina, na kwa mazoea akamsoma na yeye. Nahodha, Chenge, akaitikia kutoka nyuma: "Yupo." Hakuna aliyecheka. Tangu siku hiyo ikawa desturi kwamba marehemu wa Kivuko anaitwa kama wengine, na mtu wa familia yake anamwitikia. Chenge naye alipofariki, mkewe Rozina alikuja kumwitikia, na tangu hapo hajakosa mkutano hata mmoja. Ojuok akabaki kwa Machibya. Kwenye muhtasari Machibya aliwaandika wote, wazima na marehemu, chini ya kichwa kimoja: Waliohudhuria. Alijivunia jambo hilo kuliko vikombe vya timu, na vikombe vyenyewe vilikuwa viwili.

Mwaka jana Kivuko ikapanda daraja, na balaa likaanzia hapo, maana timu ya kimaskini ikipanda daraja inageuka kuwa mali. Kampuni moja ya mkoa mwingine, yenye fedha lakini haina timu, ikaitaka ile nafasi kwenye ligi. Jina libadilishwe, jezi zibadilishwe, timu ihame. Mwenyekiti Revocatus, muuza vipuri wa Igoma ambaye maishani mwake hajapiga hata kona, alikuwa ameshakubali moyoni. Kilichobaki ni mkutano mkuu.

Katiba ilitaka nusu ya wanachama wawepo. Daftari lilikuwa na majina sitini, kwa hiyo thelathini. Machibya akakaa akapiga hesabu. Waliotaka kuuza hawakuzidi kumi na wanane. Waliokataa walikuwa ishirini na watano, wangeweza kuja na kushinda kwa kura, lakini Machibya aliogopa bahasha za Revocatus. Alishaona watu wakiingia mkutanini na msimamo na kutoka na bahasha. Basi akawapitia nyumbani, mlango kwa mlango, akawaambia wasije. Akidi isipotimia hakuna mkutano, na bila mkutano hakuna kuuza. Alijiona mjanja kweli. Wajane na watoto wa marehemu hakuwapitia, kwa sababu haikumjia akilini kwamba wao wanahusika.

Jumamosi asubuhi wakakutana kwenye ghala la zamani la pamba. Wakili wa wanunuzi alikaa pembeni na karatasi yake. Machibya alisimama akaanza kusoma majina, na kila jina lililokosa mwitikio lilimpa raha kifuani. Akafika kwa Chenge. "Yupo," alisema Rozina, na khanga yake mpya begani. Akaendelea. Binti akamwitikia baba yake, mjukuu akamwitikia babu. Alipofika kwa Ojuok alitua kidogo, kama ilivyo desturi, akaitikia mwenyewe.

"Thelathini na watatu," wakili alisema. "Akidi imetimia."

Machibya alidhani amesikia vibaya. Akaeleza kwamba kumi na wanne kati ya hao ni marehemu. Wakili akajibu bila ubaya wowote kwamba kwenye daftari wapo, na wote wameitikiwa. Revocatus akafungua faili, akatoa mihtasari ya zamani, yote kwa mwandiko wa Machibya.

"Mzee wangu, hii hapa ya mwaka tuliosajili timu upya," alisema. "Ukiwatoa marehemu wako, hata mkutano ule haukuwa na akidi. Tukaseme katibu alimdanganya msajili?"

Machibya alikaa chini. Kura zikapigwa, kumi na nane kwa moja. Marehemu hawakuulizwa kura yao. Walihitajika kujaza viti tu.

Wiki hiyohiyo basi lilikuja kuwachukua wachezaji. Wale ishirini na watano waliobaki nyumbani kwa kumtii wakaanza kumtazama kama mtu aliyepokea bahasha kubwa kuliko zote. Nestory, aliyefundishwa na Machibya kufunga kamba za viatu vya mpira, alimpita kivukoni bila hata shikamoo. Iliuma.

Siku ya tatu Rozina alikuja. Alikataa kiti.

"Shemeji, nifutie mume wangu."

Machibya akamwambia daftari hilo sasa halina kazi, timu imeshakwenda.

"Lina jina lake," Rozina alisema. "Miaka kumi na tisa namwitikia nikidhani namheshimu. Kumbe namtunza aje kuiuza timu yake. Chenge alikufa, shemeji. Andika kwamba alikufa."

Machibya alichukua rula na kalamu nyekundu, akapiga mstari. Ilikuwa kazi nyepesi, na hilo lilimtia aibu. Rozina aliinama akahakikisha kwamba mstari umepita juu ya jina lote, akajitanda khanga yake, akaondoka bila kuaga.

Kufikia jioni walikuwa wameshakuja wengine kumi na wawili, kila mmoja na marehemu wake. Machibya aliwafutia wote, hakubishana na yeyote. Walipokwisha alifungua ukurasa wa kwanza. Ojuok alikuwa hana mtu wa kuja kumwombea afutwe. Machibya alimwita kwa sauti, kama alivyozoea, akatua kidogo.

"Hayupo," akajibu mwenyewe, na akaweka rula juu ya jina lake.