Watu Wafupi wa Lango la Tatu

Wewe uliwaona. Usijifanye. Jumamosi ile ulipita Lango la Tatu la soko jipya la Kumasi, ukaona wanawake mia nne wenye mabeseni kichwani wamebanana kwenye upenyo wa kupita mtu na mbuzi wake, ukageuza uso ukaulizia bei ya nyanya. Basi leo utasikiliza.

Azara Fuseini ni mchukuzi. Alitoka Yendi, kaskazini, na kata moja ya kichwani na beseni la kuazima, na hajasahau kitu: mwaka wakubwa wa soko walipobomoa vibanda vya bati, mwaka waliokata mwembe wa kupumzikia mchana wakasema unaleta uchafu, mwaka walioahidi vyoo wakaleta kibao kilichoandikwa "Vyoo". Mwaka huu wameleta kamera. Kamera ishirini, na kompyuta ya kupiga hesabu: watu wako wapi, wanaelekea wapi, nusu saa ijayo watajaa wapi. Lango lenye watu hufunguliwa milango yote miwili. Lisilo na watu hubakiziwa mmoja. Lango la Tatu likatiwa kufuli upande wa kushoto.

Jumamosi hiyo Azara alibanwa pale mpaka miguu ikaacha ardhi. Mwanawe Wunpini, mgongoni, akanyamaza, na mtoto huyo hulia hata akipewa uji. Walipochomoka midomo yake ilikuwa imegeuka rangi.

Jumatatu Azara akapanda ngazi hadi chumba cha kamera, beseni kwapani. Mkuu wa kamera, Bwana Asiamah, alikuwa anakula waakye, wali wa maharage wenye yai juu.

"Bosi, fungua Lango la Tatu. Tutafia pale."

"Madam, lango lile halina watu."

"Halina nini?"

"Watu. Tazama mwenyewe." Akamgeuzia skrini. "Jumamosi, saa nne asubuhi: watu thelathini na mmoja. Tena wafupi! Hata mimi nilishangaa. Ripoti inasema hawazidi futi mbili, na wengi wao wamelala."

Azara akainamia skrini. Kamera ilikuwa juu, inatazama chini, na ilichoona ni mabeseni tu, duara kwa duara. Ila palipochungulia kichwa kidogo nyuma ya beseni, kompyuta iliweka alama ya kijani: mtu.

"Hawa ni watoto wetu wa mgongoni!"

"Ahaa," akasema Asiamah, kama mtu aliyetolewa mwiba. "Ndiyo maana."

"Na sisi tuliowabeba?"

Akasoma. "Bidhaa."

"Bidhaa! Kwa hiyo mwanangu kaja sokoni peke yake, kapanda juu ya beseni la nyanya?"

"Dada, sikuifundisha mimi. Ilifundishwa ng'ambo, kwa watu wanaobeba vitu mkononi."

"Basi ifundishe hapa, kabla hujamaliza hilo yai."

"Siruhusiwi kuigusa. Lazima ione msongamano yenyewe."

"Itaona," akasema Azara.

Alhamisi, saa nne asubuhi, langoni pamefurika, Azara akapaza sauti: "Dada zangu, tueni!"

Mabeseni mia nne yakashuka. Vichwa mia nne vikatokea. Taa nyekundu ikawaka juu ya nguzo, king'ora kikalia, na kipaza sauti kikabwata: "Kundi lisilo na kibali limetokea ghafla! Tawanyikeni!"

"Tutawanyikie wapi na mlango mmeufunga?" akajibu Rahinatu, rafiki yake Azara, ambaye hata kipaza sauti hakiachii neno la mwisho.

Asiamah akaja mbio na walinzi sita.

"Umeona?" Azara akamuuliza.

"Nimeona. Kompyuta inasema mmeanguka kutoka mbinguni."

"Fungua."

"Kanuni inataka msongamano wa siku saba mfululizo. Siku moja inahesabiwa hitilafu."

"Siku saba bila mzigo? Tutakula king'ora?"

Wenye nyanya walishaanza kutukana. Mmoja mmoja, wanawake wakajitwika. King'ora kikakatika. Hapo hapo simu ya upepo ikakoroma kiunoni mwa Asiamah; ni meneja wa soko.

"Hongera, Asiamah! Umetawanya watu mia nne kwa dakika moja, bila rungu! Nakuandikia cheti."

"Bosi, hawajaondoka. Mmoja kanikanyaga sasa hivi."

"Skrini inasema wameondoka. Acha unyenyekevu."

Azara akamsogelea. "Ufunguo unao?"

"Upo mfukoni."

"Na mkono unao?"

Asiamah akainua macho kuitazama kamera. Mkono haukutoka.

Leo ni Ijumaa. Cheti kimeshatundikwa, kufuli lipo. Jumamosi ya wiki ijayo ndiyo ya mwisho kabla ya Krismasi, malori ya vitunguu yatashusha tangu alfajiri, na Azara atapita pale na Wunpini mgongoni, kwa sababu asipopita hawali.

Zimebaki siku nane. Kompyuta inataka siku saba za vichwa vitupu, na wewe kichwani huna kitu. Inuka. Waite wenzako wa ofisini, wa kanisani, wa msikitini, mje Lango la Tatu leo hii, msimame. King'ora kikilia, kiacheni kilie. Rudini kesho, na kesho kutwa, mpaka zitimie saba na Asiamah atoe ule ufunguo.