Mbegu za Mama Nzau

Mvua za Oktoba zilipokaribia Ruiru, nyumbani kwetu hatukuwa na mbegu. Mama alikuwa ameugua tangu wakati wa palizi, na maharagwe machache tuliyovuna tulikuwa tumeyala. Ikabidi niende kwa Mama Nzau, mjane aliyewawekea maharagwe wanawake wa kambi yetu ya wafanyakazi wa shamba la kahawa. Watu waliita nyumba yake benki.

Ukiweka kwake mkebe mmoja, baada ya mavuno unarudishiwa mkebe na konzi moja juu. Ukikopa mmoja, unarudisha miwili. Mimi nilihitaji mitatu. Kurudisha sita kungetuacha na njaa tena.

Nilisimama mlangoni mpaka akaniona.

"Mwongeli, umekuja kulinda mlango? Sema."

"Mikebe mitatu, mama. Lakini mbona anayeweka anapata konzi, na anayekopa analipa mkebe mzima?"

Jirani yetu Nakhumicha, aliyekuwa akipepeta humo ndani, alicheka. "Leo bubu ameongea! Mjibu, benki."

Mama Nzau hakukasirika. Alinionyesha kapu la maharagwe lililojaa vumbi la wadudu. "Haya yameharibika, lakini mwenyewe atataka yake yote. Naye Absalom, jirani yetu hapa kambini, alikopa mikebe minne, kampuni ikamhamishia Thika kabla ya kuvuna. Wanaobaki ndio wanaolipa. Ukiona ni ghali, nenda kwingine."

"Kwingine ni wapi?" Nakhumicha akauliza.

"Hakuna. Ndiyo maana nasema hivyo."

Nilitazama miguu yangu. "Maharagwe ya Absalom yalikaukia shambani. Hukuyavuna?"

"Ningeitwa mwizi."

"Basi kwa shamba letu nakupa ruhusa sasa, Nakhumicha akisikia. Liko nyuma ya nyumba yako. Tukihamishwa, vuna lote."

Mama Nzau alifunika kapu. "Mama yako anakubali?"

"Yeye ndiye aliyenituma tukubaliane."

"Haya. Kila mkebe, rudisha mmoja na nusu."

"Hiyo nusu ni ya nini?"

"Na wadudu je? Utawahamisha wewe?"

Nakhumicha aliweka ungo chini. "Na mimi? Sijawahi kukosa kukulipa."

"Shamba lako liko wapi?"

"Unajua nina chumba tu."

"Basi wewe ni miwili."

Nilitaka kumtetea, lakini nikafungua mfuko wangu nipimiwe. Mama Nzau alinipimia mbegu, akisawazisha kila mkebe kwa kiganja. Nakhumicha alirudi kupepeta. Hakunitania tena.

Kesho yake nilipanda. Mama aliketi kando ya shamba, blanketi mabegani, akinionyesha mahali mstari wangu ulipokuwa umepinda.