Kifungu Kilichopinduliwa kwenye Sinia

Usiku wa jana niliota nimepanga foleni kwenye geti la Ulinzi wa Kimataifa, mwanangu Sekela mgongoni. Mvua ilikuwa inanyesha, ila ilikuwa inachagua. Iliwalowesha watu wasio na uraia wa nchi yoyote, sisi wengine ikatupita. Nilikuwa mkavu kama muhogo wa kuanika, nikaona aibu, ingawa hakuna aliyenilaumu.

Mbele yangu alisimama mama wa Kipalestina, mtoto amefungwa kifuani, anakohoa. Aliniambia, kwa Kiswahili chenye lafudhi ya kwetu Tukuyu, kwamba yeye ni Rudaina na mtoto ni Wadia. Rudaina alizaliwa kambi ya wakimbizi, mama yake pia kambini. Bibi yake ndiye aliyefika hapo kwa miguu kutoka Palestina. Mkononi alishika mwavuli ambao Shirika la Umoja wa Mataifa la kuwahudumia Wapalestina lilimpa huyo bibi. Kitambaa kilishaisha. Zilibaki njiti.

"Unisamehe, mjukuu wangu," mwavuli ukamwambia. "Zamani nilikuwa nafunika ukoo mzima."

"Najua, bibi. Pumzika."

Getini amekaa muhuri wa mpira, amevaa miwani. Bila kuinua macho anamwambia Rudaina arudi alikotoka, maana aliye chini ya mwavuli wa shirika jingine haingii hapa. Rudaina anamwonyesha mbingu kati ya njiti. Muhuri anasema kushika mpini ndiko kuwa chini ya mwavuli. Nauliza, je, akiuweka chini?

"Akiuweka kwa hiari yake, amejitoa mwenyewe. Anayejitoa haingii."

Wadia anakohoa tena. Midomo yake imeanza kubadilika rangi.

Hapo nikatumia ile sauti ninayoitumia kwenye masomo ya jioni nikitaka mwalimu arudie: naomba kukiona hicho kifungu chenyewe. Muhuri akasema kiko jikoni.

Tayari tuko jikoni. Mvua imeingia nasi, inamfuata Rudaina hadi kando ya jiko la mkaa. Kifungu ni sufuria. Muhuri anafunua mfuniko. Juu ya wali, kwa zabibu, pameandikwa kwamba mkataba huu hauwahusu wanaolindwa na shirika jingine la Umoja wa Mataifa. Anafunika. Anaeleza kuwa tangu kipikwe wanakipakua hivyo, upawa mmoja wa juu, na huwa unatosha.

Rudaina ananusa mdalasini. Anacheka cheko la mtu aliyekuta kanga yake kwenye kamba ya jirani.

"Mzee, hii ni makluba, wali wa kwetu Palestina. Makluba haichotwi juu juu. Inapinduliwa."

Muhuri anasema kifungu kikipinduliwa kitamwagika. Rudaina anamweleza taratibu, kama mkwe mgeni: biringanya hupangwa chini, wali juu, sinia hufunikwa kwenye sufuria, watu wananyamaza, vyote vinageuzwa pamoja. Shida ni moja. Kazi hiyo inataka mikono miwili, naye haruhusiwi kuachia mpini.

"Mama Sekela, lete mkono wako."

Nikashika upande wa pili. Moto ukaniuma, sikuachia. Tukapindua. Akagonga kitako cha sufuria, tukangoja, kisha tukainua polepole, kama unavyomvua shati mtoto aliyelala.

Juu sasa ni biringanya, zimejipanga herufi kwa herufi. Nikasoma kwa sauti: ulinzi huo ukikoma kwa sababu yoyote ile, na hali ya watu hawa haijapatiwa suluhu, watastahili mkataba huu papo hapo.

Muhuri akavua miwani. "Sababu yoyote?"

"Yoyote," mwavuli ukajibu. "Kitambaa kuisha ni sababu. Niangalie."

Geti likafunguka papo hapo. Mvua ikakatika. Foleni nzima ikamiminika jikoni kwa vigelegele, na muhuri mwenyewe akawa anarukaruka toka kiganja hadi kiganja, wino ukamwishia, akaendelea kugonga kwa mchuzi. Wadia akapiga chafya moja, midomo ikarudi rangi yake, akaacha kukohoa.

Mwavuli ukauliza kwa unyonge kama sasa utaachwa.

"Uachwe wapi, bibi? Kuingia hapa si kusahau kwetu. Siku ya kurudi tunarudi wote."

Mwavuli ukajifungua, njiti zote.

Tukazunguka sinia. Rudaina akamwekea Wadia punje ya wali mdomoni, akamwekea na Sekela. Nikamwambia wa kwangu bado hajaanza kula.

"Kwenu hajaanza," akasema. "Kwetu ameanza."

Nikaamka. Kumekucha, Sekela amelala kwapani pangu. Tangu azaliwe hajaonja kitu zaidi ya maziwa yangu, na jana nyumbani tulikula ugali na dagaa. Nikainama nimbusu. Pumzi yake ilinukia mdalasini, na pembeni ya mdomo palikuwa na punje moja ya wali, bado ya moto.