Kiti cha Mrithi

Aroni Mushumbusi alimkuta mama yake akimenya ndizi za watu.

Alikuwa ameketi juu ya majani ya mgomba nyuma ya hoteli ya Zabibu, pale Bilele mjini Bukoba, miguu ameikunja ubavuni, sufuria kubwa mbele yake, vidole vyeusi kwa utomvu. Rundo la ndizi mbichi lilimfikia begani. Wateja wa Zabibu walikuwa wasafiri wa meli na makuli wa kahawa, watu ambao njaa yao haina mchezo, na rundo lote lilitakiwa liwe jikoni kabla ya adhuhuri. Mama alipomwona mwanawe aliweka kisu chini, akajifuta mikono kwenye kanga, akamtazama kwa muda mrefu. Kisha akakiokota kisu, akaendelea kumenya.

Bandarini mtu wa kwao alikuwa amemwambia Aroni asihangaike kwenda nyumbani Muleba kumtafuta mama yake, yuko Bilele. Aliyasema hayo huku anatazama ziwa.

"Mama, unafanya nini hapa? Taata yuko wapi?"

"Kaa kwanza, mwana wange. Umekonda. Huko Ulaya hawapiki?"

Aroni akalikalia sanduku lake. Ndani mlikuwa na koti la sufu alilomnunulia baba yake, mzee Rugaibula, kwa ajili ya asubuhi za baridi kule vilimani.

"Taata yako tulimzika," mama yake, Alistidia, alisema. "Si msimu huu wa kahawa. Ule uliopita."

"Mbona hamkunijulisha?"

"Ungeacha vitabu. Ukoo ulikaa, wakasema mtoto akisikia atapanda meli arudi, na akirudi hawatampokea tena kule. Basi tukakuandikia kwamba anakusalimu. Mimi ndiye niliyekubali. Ukitaka kumkasirikia mtu, nikasirikie mimi."

Hakuweza kumkasirikia. Alikumbuka jinsi alivyokuwa akizijibu salamu zile, akiuliza habari za kifua cha mzee, na aibu ikamchoma kuliko uchungu wenyewe.

Kilichofuata mama alikisimulia bila kuacha kumenya. Kwao, matanga yakiisha, mrithi hukalishwa kwenye kiti cha marehemu mbele ya watu, akakabidhiwa panga la baba yake la kukatia migomba. Kisha huenda na ndugu kwa mtwazi, bwana wa ardhi, wamebeba lubisi, pombe ya ndizi, akapiga magoti, akapiga makofi, akatambuliwa. Maana kibanja chao, shamba la migomba lenye nyumba yao, babu yake alikilima na baba yake akakilima, lakini kwa mila ya nyarubanja kilikuwa mali ya mtwazi Rutashobya, nao walikuwa watwarwa wake tu, wakaaji kwa ridhaa yake. Kila mwaka walimpelekea kahawa na ndizi na pombe, na ua wake ukianguka ni wao waliousimamisha.

"Mrithi ni wewe, na wewe hukuwepo. Basi tukaichukua picha yako ile ya joho, tukaiweka kwenye kiti."

"Picha?"

"Ulikuwa umependeza. Panga tukaliegemeza hapo. Watu wakaipigia vigelegele, wengine wakalia. Mjumbe wa Rutashobya alikuwepo, akanywa pombe yetu, akacheka na sisi, akaenda zake. Baadaye akarudi na neno la bwana wake. Picha haipigi makofi. Nyumba ya Rugaibula haina mrithi, kibanja kimerudi kwa mwenyewe. Mimi nikaambiwa nitoke na nisikanyage tena pale."

Joho lile Aroni alikuwa ameliazima kwa mpiga picha, na kwa nyuma lilibanwa na pini kwa sababu lilikuwa la mtu mnene. Alitaka kucheka. Alipofungua mdomo akajikuta analia mbele ya wapishi wa Zabibu, mwanamume mzima mwenye tai, na mama yake akamsogezea kisu cha pili ili awe na kitu cha kufanya.

Wakamenya pamoja. Kabla rundo halijaisha Aroni alikuwa ameahidi kwamba mama yake atarudi nyumbani kwake. Alikuwa na sababu ya kujiamini. Nyarubanja ndiyo iliyokuwa somo lake. Alipomaliza Makerere alipelekwa chuo kikuu kaskazini mwa Uingereza kusomea shahada ya juu, akiandika tasnifu juu ya mila hiyo hiyo, na safari hii alikuwa amerudishwa kwao kukusanya ushahidi. Kama kuna Mhaya aliyeijua mila ile kwa kuisoma na kwa kuzaliwa ndani yake, ni yeye.

Huko alikotoka, maisha ya Aroni yalikuwa ya kutafuta mahali pa kukaa. Alibisha hodi kwenye nyumba zenye tangazo la chumba dirishani, akaambiwa kimechukuliwa sasa hivi, na tangazo likabaki pale pale hadi Jumapili. Alipopata chumba, kilikuwa juu kabisa, chini ya paa, ambako maji ya kunawia yaliganda ndani ya bakuli. Kwenye basi nafasi iliyo karibu naye ilijaa mwisho. Kanisani vivyo hivyo, ingawa pale walitabasamu. Siku moja akatamani ebitoke, ndizi za kupika za kwao, mpaka akaenda dukani kuomba ndizi mbichi. Mwenye duka akamwambia kwa upole kwamba hizo hazijaiva, arudi wiki ijayo. Ni Alhamisi tu, kwenye chumba cha profesa wake, alipowekewa kiti kikubwa karibu na moto, kwa sababu Alhamisi Aroni ndiye aliyekuwa Afrika nzima. Wenzake walimuuliza, yeye akajibu. Alizingoja Alhamisi zile kama mgonjwa anavyongoja dawa, na hakuna haja ya kumcheka kwa hilo.

Kwa hiyo alipofika Muleba, juu ya lori la kahawa, akiwa amevaa suti yake, na Rutashobya akasema, "Mwana wa Rugaibula, karibu. Mleteeni kiti," Aroni alikaa. Alikaa kabla ya kufikiri.

Rutashobya alikuwa mzee mnene kidogo, mwenye sauti ya taratibu. Akamletea kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna. Wakatafuna.

"Kweli Waingereza wanatawaliwa na mwanamke, na wanaume wanampigia magoti?"

"Kweli, waitu, bwana wangu."

"Watu wenye adabu. Na masomo?"

"Yanaendelea, waitu. Nimekuja kwa ajili ya kibanja cha taata."

"Kibanja cha nani?"

Aroni akajirekebisha. "Kibanja chako, waitu. Alichokuwa anakaa taata."

"Ahaa. Hapo nimekuelewa."

"Nilikuwa mbali. Hawakuniambia. Lakini nimerudi, na mrithi ni mimi. Naomba unitambue, mama yangu arudi nyumbani."

Rutashobya alitema maganda ya kahawa. Alielekeza kidevu langoni, ambako wanaume wawili walikuwa wameketi chini, kofia mikononi, mitungi ya pombe kando yao.

"Wale wako pale tangu asubuhi. Mmoja ana mvi kuliko mimi. Umeona walipoketi? Wale ni watu wangu. Taata yako naye, Mungu amrehemu, alikuwa akiketi pale pale. Sasa wewe nimekupa kiti kukupima, nawe ukakalia. Umekuja kama mgeni. Mgeni nampa kahawa, simpi kibanja."

Damu ikampanda Aroni usoni. Akainuka, akapiga magoti kwenye vumbi, akapiga makofi kama alivyomwona baba yake akifanya tangu yeye angali mgongoni mwa mama yake. Akatamka maneno yote, kwa mpangilio wake, bila kukosea hata moja. Wanaume wa langoni walitazama pembeni.

"Inuka, mwanangu," Rutashobya alisema. "Utachafua suruali. Kesho watasema Rutashobya anawadhalilisha wasomi. Halafu mimi sina kinyongo na wewe. Nafuata mila, na siku hizi mila hata boma wanaijua vizuri. Nenda ukawaulize."

Akaenda. Akarudi Bukoba kwa lori lile lile, na kesho yake akaketi bomani mbele ya Bwana Shauri, ofisa wa wilaya, Mwingereza kijana mwenye pua iliyobabuka kwa jua, ambaye alifurahi kumwona kupita kiasi.

"Lakini mimi nakufahamu," alisema kwa Kiingereza, akimmiminia chai. "Kabla sijaletwa Bukoba, nikiwa likizoni, tulifanya mafunzo ya maofisa pale chuoni kwenu. Profesa wako akakuleta utuzungumzie nyarubanja. Ilikuwa saa nzuri kuliko zote za mafunzo yale. Hunikumbuki?"

Hakumkumbuka yeye. Nyuso zilikuwa nyingi na zote zilivuta tumbaku. Ila aliikumbuka Alhamisi yenyewe. Mtu mmoja alikuwa ameuliza: na mrithi asipokuwepo matanga yanapoisha, inakuwaje? Aroni akaanza kusema kwamba inategemea. Babu yake mwenyewe alichelewa sana kurudi kutoka Buganda, akaja na vibuyu viwili vya pombe, akapokelewa na watu wakacheza. Inategemea mtwazi ni nani, majirani wanasemaje, mvua imenyesha au haikunyesha. Lakini aliposema neno hilo, inategemea, aliiona penseli ya profesa inasimama, na wale mabwana wakaanza kujikunja kwenye viti. Walitaka jambo la kushika. Kiti kilikuwa na joto, nje kulikuwa na theluji.

"Hupoteza haki yake," Aroni alikuwa amewaambia. Penseli ikatembea. Mwishoni wakampigia makofi.

"Nilipofika hapa," Bwana Shauri aliendelea, "kila mtwazi alikuwa na lake. Huyu anasamehe, yule hasamehi, kesi haziishi. Nikalieleza baraza lao kanuni kama ulivyotueleza, tena nikawaambia anayesema ni Mhaya mwenzao, mtoto wa mtwarwa. Walifurahi sana. Sasa inafuatwa wilaya nzima."

Aroni akaisogeza chai kando. "Nilikosea," alisema. "Mila haiko hivyo. Haijawahi kuwa hivyo."

"Wewe ni mnyenyekevu."

"Bwana, mama yangu anamenya ndizi hotelini. Hii ni nyumba yake."

"Nasikitika. Nasema kweli, nasikitika sana." Na alisikitika, ilionekana hata masikioni, yaliyokuwa mekundu. "Lakini serikali haiingilii mila za wenyeji, hiyo ndiyo heshima yetu kwenu. Na fikiri upande wako. Ukianza kuibadilisha mila pale inapomgusa mama yako, nani atauamini utafiti wako?" Akavuta karatasi, akaandika, akagonga muhuri. "Hili naweza kukusaidia. Kibali cha utafiti. Unaruhusiwa kuingia kibanja chochote, Muleba yote, na mtwazi hawezi kukuzuia."

"Na mama yangu?"

"Yeye si mtafiti," alisema Bwana Shauri, bila ubaya wowote.

Jioni Alistidia alisikiliza yote, hata habari za ile Alhamisi, maana Aroni hakumficha. Hakumlaumu. Aroni angetamani kutukanwa.

"Basi nenda wewe," mama alisema hatimaye. "Huna ruhusa ya kukaa, lakini unayo ya kuingia. Nenda ukamsalimie taata yako. Ukishauacha ua, upite mibuni mitatu ya zamani. Amelala baina ya mbuni wa tatu na mgomba wenye shina jekundu, miguu imeelekea mlangoni. Palilia kidogo. Mwambie mimi nimezuiwa."

Mtu aliyekuwa amepewa kibanja aliitwa Kagaruki. Alitoka mbio nyumbani alipoona suti, akakisoma kibali kwa kukigeuza huku na huku, akakirudisha kwa mikono miwili. Alipoambiwa mgeni ni nani, uso wake ukaanguka.

"Mwana wa Rugaibula," alisema. "Bwana, usinichukie. Mimi kwetu ni Rubafu. Nilikwenda Buganda kuvuna pamba, kurudi taata amezikwa, nikaambiwa hukuwepo, umepoteza. Haikuwa hivyo zamani. Mke wangu akajifungulia kwenye banda la watu. Nikasikia huku kuna mahali, nikaja, nikapiga makofi. Ningefanya nini?"

Aroni akakikunja kibali, akakitia mfukoni. Alisema tu kwamba amekuja kuona kaburi.

"Afadhali umekuja," Kagaruki alisema, na alimaanisha. "Limekuwa likininyima usingizi. Nilipoingia msalaba ulikuwa umeshang'olewa, sijui na nani. Halafu bwana akaniamuru ning'oe mibuni yote ya zamani na migomba iliyozeeka, nipande upya. Nimeng'oa. Kumebaki kupanda maharage, mvua ndiyo hii, na amesema akipita akute pamelimwa. Nionyeshe taata yako alipo, nisije nikamlima."

Wakazunguka nyuma ya nyumba. Mibuni haikuwepo, wala mgomba wenye shina jekundu. Kuanzia uani hadi mpakani ardhi ilikuwa imesawazishwa vizuri na kutandazwa nyasi, kazi safi ya mtu anayeogopa kufukuzwa mara ya pili. Wingu lilikuwa limeshafunika upande wa ziwa. Kagaruki akavua kofia, akaegemea mpini wa jembe, akangoja.

Aroni akatazama kulia, akatazama kushoto. Akajaribu kukisia mbuni wa tatu ulikuwa wapi kwa kufuata mlango, akapoteza, akaanza tena. Akainama akavua viatu, kisha akabaki amesimama pale pale kavishika mkononi, kwa kuwa hakujua ni wapi asikanyage.

Tone la kwanza likaanguka. Kagaruki alingoja kidogo zaidi, kwa adabu. Halafu akavaa kofia, akaenda hadi mpakani, akaanza kulima kutoka kule kuja walipo, akilishusha jembe polepole.